Mikono ya Dakika ya Thelathini na Moja

Inspekta Murniati alikuwa ameitazama video ile mara arobaini na tatu, na mara zote damu iliruka palepale, dakika ya arobaini na mbili, kwenye ncha ya mkasi uleule.

Ilionyesha mikono tu. Hapakuwa na uso, sauti wala jina, na ndivyo mpango wenyewe ulivyotaka. Katika hospitali ya kufundishia ya Jagatirta, mjini Solo, kila daktari aliyekuwa akisomea upasuaji alirekodiwa na kamera iliyofungwa kwenye taa ya juu ya meza. Sauti ilifutwa, video ikapewa namba, kisha ikapelekwa kwa mabingwa wa nchi jirani, ambao waliipima mikono na kuipa alama bila kujua ni ya mtoto wa nani. Aliyebuni mpango huo alikuwa Profesa Hardjanto Wiryodipuro, mtu ambaye akipita koridoni hata wagonjwa walijaribu kusimama.

Video hii ilikuwa namba kumi na mbili, na namba kumi na mbili alikuwa Daktari Wening Prastiwi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Mgonjwa wake, mzee Darmosugito, mfua gongo za shaba za gamelani, muziki wa Kijava, aliingia kutolewa mfuko wa nyongo akaishia makaburini, kwa sababu mkasi ulikata mshipa mkubwa wa damu uendao kwenye ini badala ya ule mdogo uliotakiwa. Ukoo mzima wa wafua gongo ulikuwa umekaa nje ya kituo cha polisi tangu Jumatatu, kimya, na kimya chao kilimsumbua mkuu wa kituo kuliko kelele.

Hati ya kumweka Wening ndani ilikuwa tayari kwenye mkoba wa Murniati, na muhuri juu yake. Alipewa hadi saa nane mchana: ama alete mtu mwingine, ama amtie huyu pingu. Sasa ilikuwa saa nne na dakika kumi.

"Afande, tule kwanza," alisema Sajini Togar, katika ofisi waliyoazimwa hospitalini, akisogeza tempe, soya ya kuchachushwa na kukaangwa, iliyolowesha karatasi mafuta. "Mtu mwenye njaa haoni."

"Wewe umekula tangu saa mbili, na umeona nini?"

"Nimeona kwamba pilipili hapa Solo ni ya watoto wachanga."

Togar alikuwa Mbatak wa huko Toba, kwenye milima ya Sumatra, mtu wa sauti nene na maneno yasiyopita kwenye chujio. Miaka miwili Solo haikuwa imemfundisha kunong'ona. Murniati alizaliwa mitaa miwili tu kutoka kasri la mfalme, na mara nyingine alitamani kumfunika Togar kwa blanketi.

Siku mbili walikuwa wamemwinda Daktari Radityo, mwanafunzi mwingine, aliyekuwa mezani akishika kulabu ya kuvutia ini pembeni. Radityo alikuwa na kila sababu ya kushukiwa. Video yake mwenyewe ilipata alama za mkiani, na alikuwa akigombea nafasi moja na Wening. Murniati alishaanza kuona raha kwamba amempata. Kisha akapima. Mkasi ule una urefu wa sentimita kumi na nane, kwa hiyo mkono ulioushika ukapimika kwenye skrini: mdogo, wa glovu namba sita na nusu. Radityo alivaa namba nane, na mikono yake ilionekana mwanzo hadi mwisho, mipana kama mabamba, ikivuta kulabu. Siku mbili zikaenda na maji.

"Mwite Wening," alisema Murniati.

Wening aliingia amebeba begi la ngozi ambalo halikuwa lake. Alikuwa mwembamba, macho yamemvimba, lakini nywele zimechanwa vizuri kama za mtu anayekwenda kwenye mtihani.

"Begi la nani hilo?"

"La Profesa, mama. Ana kikao. Nimemshikia."

"Alikusimamia mezani, sasa anakushtaki, nawe unambebea begi?"

"Hanishtaki, mama. Amesema tu ukweli." Alilipakata begi. "Ilikuwa operesheni yangu, namba yangu, video yangu."

"Sikukuuliza video ni ya nani. Nani aliyekata?"

Wening akarekebisha mkanda wa begi.

"Dakika ya thelathini na moja," Murniati aliendelea, "kofia ya mtu inaziba kamera sekunde ishirini. Kulitokea nini?"

"Taa ilisogezwa. Profesa ameandika hivyo kwenye maelezo."

"Nataka yako, siyo ya Profesa."

"Profesa akisema ni mimi, mama, mimi ni nani niseme si mimi?" Sauti yake ilikatika kidogo. "Mama yangu ameuza liwet, wali wa nazi, alfajiri miaka ishirini ili niitwe daktari. Nikimgeuka mwalimu wangu, hakuna hospitali Java nzima itakayonifungulia mlango. Nikinyamaza, labda jela ni miaka michache."

"Hesabu ya wapi hiyo?" Togar aliropoka.

Wening akainamisha kichwa. Hakuwa amesema neno moja la kujiokoa, lakini Murniati aliyasikia yote. Binti alikuwa amesema *labda jela*, hakusema *nilikata*.

Wening alipotoka, Murniati alivuta faili la alama. Alikuwa ameangalia jumla tu: tatu na nusu juu ya tano, alama ya kawaida kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Sasa aliomba karatasi za awali, zile walizojaza mabingwa kwa mkono kabla hazijajumlishwa. Karani wa hospitali alisita, akatazama kamera ya mlangoni, akaleta.

Karatasi ya tatu ilitoka Penang, Malaysia, kwa Daktari Chong Wai Keat, na ilikuwa imejaa mwandiko hadi pembezoni. Kuheshimu nyama ya mgonjwa, kutopoteza mwendo, kushika vifaa, mtiririko wa kazi: kila kipengele alikigawa sehemu mbili kwa mstari mwekundu. Kabla ya dakika ya thelathini na moja alitoa mbili, mbili, tatu, mbili. Baada yake, tano, tano, tano, tano. Chini aliandika: *Naomba kuelezwa.*

Hakuna aliyemweleza. Mtu alichukua mbili na tano, akazichanganya kama maji ya moto na ya baridi, akapata vuguvugu. Sahihi ya aliyejumlisha ilikuwa ya Profesa Hardjanto.

Murniati alipiga simu Penang.

"Hatimaye," alisema Daktari Chong. "Nimengoja simu hii wiki tatu. Namba kumi na mbili, siyo?"

"Uliona nini, daktari?"

"Nusu ya kwanza niliona mwanafunzi mzuri. Mwoga kidogo, anashika nyama mara mbili kabla hajakata. Mwoga wa namna hiyo ndiye namtaka. Halafu giza, halafu anarudi mtu mwingine. Hapapasi wala harudii. Kila mwendo una kazi yake. Inspekta, mimi nimepima mikono elfu moja na mia nne. Mkono haukui miaka ishirini ndani ya sekunde ishirini."

"Lakini mkono huo wa fundi ndio ulioua."

"Ndiyo. Mwanafunzi angesita pale. Mshipa wa mzee yule ulipita mahali usipopita kwa watu wengi. Fundi hakuangalia, kwa sababu kwa miaka thelathini ulikuwa upande wa pili."

"Utaniambia ni mkono wa nani?"

"Hilo siwezi. Mpango umeficha majina ili tusipendelee. Anayejua ni aliyekuwa mle ndani."

Murniati akakata simu na kuzunguka chumba mara mbili. Mezani madaktari walikuwa watatu. Radityo katoka. Wening anapapasa. Aliyebaki alikuwa mwenye begi, mtu mfupi wa mikono midogo. Alituma mtu stoo, na jibu likarudi upesi: Profesa huvaa glovu namba sita na nusu, kama mwanafunzi wake.

"Basi tumkamate," alisema Togar.

"Kwa alama za mtihani? Wakili wake atacheka hadi aombe maji. Maelezo mengine yote matatu yanasema Wening alisimama upande wa kulia wa mgonjwa mwanzo hadi mwisho, na Profesa alisimama kushoto akisaidia. Ya Radityo, ya Wening mwenyewe, na ya mama Suharsi."

Mama Suharsi alikuwa nesi wa vifaa, mwaka wa thelathini na moja kwenye chumba namba tatu. Ndiye aliyekabidhi kila kisu na kila mkasi. Alikuwa ameapa mbele ya Murniati kwa sauti tulivu, mikono yake ikiwa mapajani.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu. Murniati aliirudisha video mwanzo, mara ya arobaini na nne. Togar alivuta kiti akakaa nyuma yake, akitafuna.

"Afande, huyu mama nesi ana baridi yabisi?"

"Kwa nini?"

"Kila akitoa kifaa anajishika kiwiko. Shangazi yangu alianza hivyohivyo."

"Hiyo ni adabu, Togar." Murniati hakugeuka. "Kwetu ukimpa mkubwa kitu, unatoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto unagusa kiwiko. Nyinyi huko Toba mnarushiana kama mawe."

"Sisi tuna haraka. Lakini afande, nisaidie mimi mshamba. Mkubwa hapa ni Profesa, siyo?"

"Ndiye."

"Na Profesa amesimama kushoto, siyo?"

"Ndivyo maelezo yanavyosema."

"Sasa mbona mwishoni huku, mtu wa kulia ndiye anapewa heshima, na Profesa anatupiwa vitu kama mimi?"

Murniati aliweka kalamu chini polepole. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, naye hakuwahi kufikiri kwamba mgeni mwenyewe angekuja na mafuta ya tempe kwenye vidole. Mara arobaini na tatu aliutazama ule mkono wa kushoto ukienda kwenye kiwiko, na mara zote hakuuona, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameufanya asubuhi hiyohiyo alipompa mkuu wake ripoti. Alitamani kumkumbatia Togar. Alijizuia.

"Chukua karatasi. Hesabu."

Walihesabu wote wawili kwa sauti, wakisimamisha na kurudisha, na sauti zao zikapanda hadi karani akaja kuchungulia. Kabla ya giza: vifaa kumi na vinne vilikwenda kulia, vyote kwa kupigwa kiganjani, pa, bila kiwiko. Sita vilikwenda kushoto, vyote kwa kiwiko. Baada ya giza: kumi na kimoja kulia, vyote kwa kiwiko. Vitano kushoto, vyote pa.

Hakukuwa na hata kimoja kilichokosea. Mama Suharsi alikuwa ametia sahihi maelezo ya uongo kwa mkono wa kulia, lakini wa kushoto ulishasema kweli mbele ya kamera mara kumi na moja.

"Sasa tumkamate?" aliuliza Togar.

"Sasa tumwite, pamoja na mama Suharsi. Atasema hesabu yetu ni porojo za polisi. Nataka aone mwenyewe."

Saa saba kasorobo, chumba cha upasuaji namba tatu kilikuwa tupu, meza imefunikwa shuka la kijani. Murniati alikuwa ameomba skrini ya kufundishia ishushwe ukutani. Mama Suharsi alisimama kwenye trei yake ya vifaa, kofia imefungwa vizuri, bila kuuliza kitu. Wening alifika nyuma ya Profesa, na begi bado lilikuwa mkononi mwake.

Profesa Hardjanto alikuwa na tabasamu la mtu anayewasamehe wengine kwa kumpotezea muda.

"Inspekta, nimesikia hati iko tayari. Binti huyu nampenda kama mwanangu. Tusimwongezee aibu."

"Ni marudio tu, Profesa, ya kufunga faili. Kila mtu asimame alipokuwa."

Wening alikwenda upande wa kulia wa meza. Profesa akaenda kushoto.

"Mama Suharsi, mpe Daktari Wening mkasi, kama siku ile."

Pa. Mkasi ukalia kwenye kiganja.

"Mpe Profesa kibanio."

Kibanio kilivuka meza taratibu, na mkono wa kushoto ulikuwa kwenye kiwiko. Hakuna aliyeona kitu, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuona. Ndivyo watu wanavyopeana vitu.

"Sajini, nyoosha mkono. Mama, mpe naye."

Pa.

"Mama, una nguvu," alisema Togar, akipuliza kiganja.

"Sasa Profesa, kwa dakika moja tu, badilishaneni nafasi."

Tabasamu lilibaki, lakini macho yalimtazama Murniati kwa mara ya kwanza. "Kwa nini nibadilishe? Sikuwa huko."

"Kama hukuwa huko, hakuna kitakachoharibika."

Alizunguka meza. Mama Suharsi aliombwa mkasi tena, akaunyoosha kwa Profesa, na kiwiko kikashikwa. Murniati alibonyeza kitufe. Ukutani, mikono mikubwa kuliko watu ikajitokeza: dakika ya arobaini na moja, sekunde ya hamsini. Mkasi ulitoka kwenye trei kwenda upande wa kulia. Mkono wa kushoto ulipanda ukagusa kiwiko. Murniati akasimamisha picha hapo.

Chumba kizima kikatazama ukutani, kisha kikamtazama mama Suharsi, aliyekuwa bado amesimama vilevile, kama kivuli cha ile picha. Aliona. Aliutazama mkono wake wa kushoto kana kwamba umekuja na mtu mwingine. Kisha akaushusha, na mkasi akaurudisha kwenye trei.

"Upande wa kulia, mara kumi na moja," alisema Murniati. "Kabla ya giza, hata mara moja. Mama, tangu lini unawaheshimu wanafunzi hivi?"

"Huu ni upuuzi," alisema Profesa, bado kwa upole. "Nesi amechoka, anajishika mkono, na polisi wanaita ushahidi. Miaka kumi nimejenga mpango wa kupima mikono bila upendeleo. Nchi nne zinaiga. Mnataka kuuangusha kwa kiwiko?"

"Ulificha sura, majina na sauti, Profesa. Hukufikiria kuficha adabu, kwa sababu hujawahi kukosa kupewa."

Hapo tabasamu likaondoka. Alimgeukia nesi wake, na sauti ikawa ile ya chumba cha upasuaji, ya miaka thelathini na moja, isiyorudia jambo.

"Suharsi. Waambie nani alikuwa upande huu. Kisha nipe mkasi huo, tumalize mchezo."

Mama Suharsi alimtazama. Saa nane ilikuwa imebakisha dakika hamsini, na yote yalikuwa mikononi mwa mwanamke huyu ambaye hakuwahi kusema hapana ndani ya chumba hiki.

"Ulimpasua marehemu mume wangu, ukampa miaka tisa zaidi," alisema. "Kila siku namwombea aliyenipa miaka hiyo. Kwa hiyo uliponiambia niseme ni binti, kama ulivyomwambia Radityo, nilisema. Nikajiambia, yeye ni kijana, ataanza upya."

Akaligeukia begi mkononi mwa Wening.

"Lakini anakubebea begi, Profesa. Hadi leo anakubebea."

Aliuchukua mkasi kutoka kwenye trei. Akaunyoosha juu ya meza, akaupiga kwenye kiganja cha Profesa Hardjanto, pa, kama anavyopewa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mkono wake wa kushoto ulining'inia ubavuni, umetulia.

"Dakika ya thelathini na moja ulimwambia anachelewesha, mkabadilishana nafasi. Kofia iliyoziba kamera ni yako. Yeye alikuambia, 'Profesa, ngoja, mshipa huu haukai vizuri.' Ukakata."

Profesa alisimama na mkasi kiganjani, hajui auweke wapi. Togar alinyoosha mkono kuupokea, na kwa mara ya kwanza tangu afike Solo, aliupokea kwa adabu, kiwiko kimeshikwa, ila usoni hakukuwa na adabu hata chembe.

Murniati alitoa ile hati mkobani, akaichana vipande viwili. Upande wa pili wa meza, Wening alikuwa akilia bila sauti, bega moja limeinama kwa uzito.

"Daktari," alimwambia.

Wening akamtazama, akatazama mkono wake ulioshika begi, na akaliweka chini.